Siku ya Nne

Lebo ya kadibodi ilikuwa na tundu moja na uzi.
Namba, jina, mwaka wa kuzaliwa:
Seija, miaka miwili na miezi miwili.
Treni iliondoka Oulu usiku, taa zimezimwa
kwa kuogopa ndege,
na bibi yangu Hilja akakimbia sambamba na behewa
mpaka jukwaa likaisha.
Hilo alinisimulia mwenyewe, mara moja tu,
huku anamenya viazi.
Hakuinua macho. Ganda lilitoka jembamba, refu, halikatiki.

Mama alivuka mpaka na maneno kama arobaini.
Bibi alikuwa ameyahesabu: maziwa, paka, theluji, bado,
na lile la kumwita yeye.

Kule Uswidi nyumba ya Gunborg ilikuwa na joto,
siagi mezani, mdoli mwenye nywele za kweli.
Sisemi alinyanyaswa. Sijasema.
Barua ya Gunborg ninayo, wino umegeuka kahawia:
"Siku tatu alilia mlangoni.
Siku ya nne akanyamaza. Mtoto mzuri. Amezoea."

Nimeisoma mpaka mikunjo imekatika.
Amezoea.
Chungu nacho hunyamaza kuni zikiisha,
na hatusemi kimezoea.

Alirudia kujikojolea. Akasahau kushuka ngazi,
yeye aliyekuwa akishuka mwenyewe, kinyumenyume.
Maneno arobaini yakamtoka moja moja
kama meno ya utotoni,
asiwepo wa kuyaokota.
Miezi saba hakusema kitu.
Kisha yakaota mengine, ya Kiswidi,
na la kwanza lilikuwa mama.
La Gunborg.

Miaka minne baadaye wakamrudisha.
Bandarini Turku mwanamke mwembamba alipiga magoti
akasema jambo refu,
na mtoto akamtazama mdomo
kama anayesikiliza redio ya nchi nyingine.
Ilibidi vidole vyake vibanduliwe
kwenye koti la mhudumu, kimoja kimoja.
Safari hii hakulia hata siku moja.
Alikuwa amejifunza.

Lipo neno la kumtoa mtoto ziwani: kulikiza.
Hufanywa polepole, kwa uji, kwa shubiri, kwa kubembeleza.
La kumtoa usoni pa mama sijalipata.

Mimi nilizaliwa yeye akiwa na thelathini.
Alinibeba vizuri, kichwa kimeshikwa barabara,
lakini kama mtu aliyeazima sahani kwa jirani
na anajua ni ya kurudishwa.
Hakuwahi kunisindikiza kituoni.
Nikianza kuvaa viatu, yeye huingia jikoni, hufungulia maji.
Nilidhani hanipendi. Nilidhani hivyo miaka mingi,
nikamwadhibu kwa kutopiga simu,
naye hakuuliza kwa nini.

Sasa ana themanini na mbili, na akili inamenyeka.
Kifini kimetangulia kuondoka.
Wauguzi hawamwelewi; mmoja wao, Tuulikki,
ameandika kwa kalamu mgongoni mwa mkono wake
Kiswidi cha maji, cha maumivu, cha usiogope.
Usiku mama huita mama,
nami sijui anayeitwa ni yupi kati ya wale wawili,
wala kama kwake waliwahi kuwa wawili.

Alhamisi nilipotaka kuinuka aligeukia ukuta mapema,
kabla sijagusa koti.
Sikuaga. Nilivua glavu ya sufu, ya kushoto,
niliyokuwa nimeshaivaa nusu,
nikaiweka kiganjani mwake, rehani.
Ukiwa na glavu ya mtu, mtu huyo atarudi,
baridi itamrudisha.
Hakusema kitu. Vidole vikafumba.

Nje ilikuwa digrii ishirini chini ya sifuri.
Nilikwenda mpaka kituo cha basi
mkono mmoja mfukoni, nikihema moshi.

Leo Tuulikki amenipigia simu:
walipobadilisha shuka hawakuiona,
wamepekua foronya, wamepekua nguo za kufua,
mama anawatazama tu, amekunja ngumi chini ya shavu.
Nimemwambia wasiitafute.